Bingwa wa Saba

Wiki ile, kabla hajapokea saa yako, fundi alikuuliza swali moja tu: "Umekuja kwa saa au umekuja kwa ngumi?" Watu walikuwa wanaleta saa zinazotembea vizuri kabisa na kujifanya zinachelewa, ili mradi wapate kuegemea kaunta yake na kubishana.

Chanzo kilikuwa orodha. Binti yake, mtangazaji wa michezo redioni, alimwomba awapange mabondia kumi bora wa uzito wa kati wa nyakati zote. Nani mwingine angemwomba? Baba yake alikuwa jaji wa ngumi kwa miaka ishirini na sita, akaitwa Mizani kwa kuwa hakupendelea mtu, na jina hilo ndilo mali pekee aliyojivunia. Basi binti, kwa papara zake, akadokeza hewani kwamba bingwa wa sasa, anayeabudiwa na mji mzima, baba kamweka wa saba. Orodha kamili ingesomwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

"Wa saba, Mizani? Wa saba!" muuza magazeti alimaka. "Mtu kapigana mara thelathini na nne, hajapoteza hata moja!"

"Kapigana na nani?"

"Si na mabondia?"

"Nusu yao wametoka uzito wa chini, wamejazwa maji ili wafikishe kilo. Waliobaki walikuwa wanalea wajukuu. Mlete mpinzani wa rika lake, mwenye njaa, ndipo tuongee. Saa yako nzima hii. Nenda!"

Hakumchukia bingwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzuri, na fundi alikiri hivyo kwa yeyote. Kilichomkera ni uvivu wa watu: wakiona mkanda unang'aa, wanadhani wamekwisha kupima. Yeye alitazama kila pambano akiwa amezima sauti, kalamu mkononi, akiandika alama raundi kwa raundi, maana mtangazaji na umati hupiga makonde ambayo bondia hakuyapiga.

Tisa kati ya kumi aliwapitia hivyo. Wa kwanza hakumpitia. Huyo alikuwa Radi, na siku Radi alipomshinda Kigingi kwa pointi, miaka ishirini na tisa iliyopita, fundi aliketi ukingoni mwa ulingo. Majaji wengine wawili waligawanyika; kadi yake ya alama ndiyo iliyoamua. Ya nini kutazama alichokwisha kukiona?

"Kwa sababu ulisema kila pambano," binti alimwambia Ijumaa mchana, akiitua kompyuta katikati ya skrubu. "Nikiulizwa hewani nitasemaje?"

"Mwanangu, unanichosha."

"Nimerithi."

Alitazama huku akinung'unika, mpaka raundi ya tisa. Katika kumbukumbu yake, Radi alimimina makonde tumboni mwa Kigingi hadi mabati ya ukumbi yakatetemeka kwa kelele. Kwenye kioo kisicho na sauti, makonde yale yaliishia kwenye viwiko. Kigingi, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake benki, alirudisha machache, yote usoni. Fundi akarudisha nyuma, akatazama tena. Akaifuta miwani kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyokosea, akatazama mara ya tatu.

"Raundi ya Kigingi," alisema hatimaye. "Mimi nilimpa Radi. Na nilimpa pambano lote kwa pointi moja."

"Baba, ukilisema hili leo, watakuambia kama ulikosea lile, umekosea na la bingwa. Watalila jina lako mchana kweupe."

"Wiki nzima nawaita wenzangu wavivu. Nikinyamaza, mimi ni nani?" Akafunga duka. "Ila Kigingi asisikie kwenye redio kwanza."

Kigingi alikuwa mlinzi kwenye lango la kiwanda cha samani, mvi kichwa kizima, anaandika namba za malori kwenye daftari.

"Ndugu yangu, nimekuja kukuomba radhi. Raundi ya tisa ilikuwa yako."

Kigingi alimaliza kwanza kuandika namba. "Mimi nilikuwemo ulingoni, Mizani. Ulidhani nasubiri wewe uniambie?"

"Nimeiona leo."

"Leo! Mkanda ule ungenipa mapambano matatu makubwa kabla magoti hayajanigomea." Lori likapiga honi. "Ngoja, wewe!"

"Nitalisema redioni. Radi anashuka. Wewe nikupandishe..."

"Unipandishe kwa huruma? Ukosee mara ya pili? Siku ile nilikuwa moto. Siku nyingi nilikuwa wa kawaida. Niweke panaponifaa, hata kama ni nje ya kumi zako."

"Na huyu wa sasa, je?"

"Siku yangu nzuri ningempiga. Siku ya kawaida angenilaza. Usimpandishe kwa makelele, usimshushe kwa ubishi." Akafungua lango. "Haya, nenda. Unanizuilia malori."

Saa kumi na moja fundi alisema yote hewani, na raundi ya tisa aliieleza konde kwa konde. Radi alishuka hadi nafasi ya nane; Kigingi alibaki nje ya kumi. Bingwa wa sasa akawa wa sita, na fundi akasisitiza kwamba kijana hajafanya lolote kuistahili hatua hiyo. Ni jaji ndiye aliyeharibu hesabu.

Wapiga simu watatu wa kwanza walishangilia ile "wa sita" tu. Fundi akashika kichwa. Wa nne hakushangilia.

"Kwa hiyo kadi zako zote za miaka ishirini na sita ni takataka?"

"Moja ni takataka, hiyo nimeiona. Nyingine sijui. Nitaje ipi nianze nayo."

Taa za simu zikawaka zote kwa pamoja. Binti akamtazama baba yake, akapumua kwa nguvu. Fundi akasonya, akavuta karatasi nyeupe, akaiinamia.

"Haya, mmoja mmoja. Pambano la mwaka gani?"