Nywele za Kemunto

Alikuwa amesimama katikati ya shamba langu la chai, asubuhi, ukungu bado haujainuka, na nywele zake zote zilikuwa kichwani. Kemunto, binti yangu. Yule tuliyemzika kando ya nyumba, karibu na migomba, kichwa kikiwa kimenyolewa hadi ngozi.

Usiniambie niliota. Nilikuwa na kikapu mgongoni na umande umenilowesha sketi hadi magotini. Mtu hulowa namna hiyo ndotoni? Nilikuwa nimekunywa uji wangu, nimefungulia kuku, nimegombana na mbuzi wa jirani. Ilitokea, huku kwetu juu ya Ekerenyo, na siandiki ili unihurumie. Naandika kwa sababu kuna watu wanazunguka na jina langu mdomoni, wanasema mimi ni shahidi wao. Basi wacha shahidi aseme mwenyewe.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hapo ndipo nilirudi nyuma hatua moja. Si kwa sababu aliyekufa amesema, bali kwa jinsi alivyosema. Kemunto hakuongea Kiswahili na mimi nyumbani hata siku moja. Sisi ni watu wa Ekegusii kuanzia kuamka hadi kulala, na mama kwetu huitwa "baba", mgeni akitaka kucheka acheke. Huyu aliniamkia kama mtoto wa kwenye kitabu cha darasa la pili.

Ngoja nirudi nyuma, maana hukuwa hapo.

Kemunto alikuwa amemaliza fomu foo, yuko nyumbani ananisaidia kuchuma. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na mdomo haunyamazi, anamsengenya kila mtu kuanzia karani wa kituo cha majani hadi mchungaji. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, ule ambao hata sabuni ya kufulia haitoi. Alikuwa akiniambia, "Baba, siku nikiolewa nitavaa glavu, huyo bwana asifikiri ameoa fundi wa magari."

Kisha kifua kikamshika. Kukohoa, kukonda, jasho la usiku. Hospitali wakasema ni kifua kikuu, kinatibika, ila ameze dawa kila siku bila kuruka. Zile dawa zilimtapisha na mkojo wake ukawa rangi ya machungwa, lakini alianza kunenepa. Nakwambia alianza kunenepa! Alikuwa amerudia hata kusengenya.

Ndipo akaja Zakaria. Nimtaje, kwa nini nisimtaje? Hujiita Mwalimu Zakaria, amekodi chumba nyuma ya maduka pale soko la Keumbu, na kundi lake wanaliita Nyumba ya Waumbaji. Aliyemleta bomani kwetu ni Bosibori, mke wa ndugu ya marehemu mume wangu. Ua wake na wangu ni ua mmoja.

Huyo Zakaria hakuja na kelele kama wahubiri wa sokoni. Alikuja na shati safi na sauti ya daktari. Akaketi kwenye kiti cha marehemu, akatuambia hakuna Mungu na hakuna malaika. Kuna Waumbaji. Ni watu, alisema, wenye damu kama sisi, ila sayansi yao ni ya zamani sana. Walikuja na chombo cha mviringo kinachong'aa, kikatua juu ya kilima cha Manga, wakachimba udongo mwekundu, wakauchanganya na mbegu ya miili yao ndani ya maabara, wakatengeneza mtu. Wazee wetu wanaposema tulitoka Misri, hiyo ni kumbukumbu iliyochakaa. Tulitoka juu.

Kemunto alikuwa amejifunika blanketi pale mlangoni. "Mwalimu, na hao Waumbaji waliumbwa na nani?"

"Na wengine waliowatangulia."

"Na hao wengine?"

"Na wengine tena."

"Wueh! Basi huko mwisho kabisa lazima kuna mama mmoja aliyezaa kwa uchungu, na hakuna aliyemwambia asante."

Tukacheka. Zakaria naye alicheka, na huku akicheka nilimwona akisikiliza pumzi ya mtoto wangu, vile fundi anasikiliza injini mbovu. Kisha akasema polepole kwamba Waumbaji hawatupi kitu. Kwa unywele mmoja tu wanaweza kukutengeneza upya, na mapafu mapya. Huu mwili wa sasa utauacha kama yunifomu iliyokubana.

Toka siku hiyo Kemunto hakufanya mzaha. Jioni Bosibori alikuwa anamtoa nje kumwonyesha zile taa zinazotembea kati ya nyota. "Ndio hao wanapita." Nikamwambia mtoto hivyo ni vyombo vya wazungu vya kupeleka mtandao wa simu. Akaniuliza, "Una hakika, baba?" Mimi niliachia shule darasa la tano. Ningekuwa na hakika ya nini?

Siku moja nilipeleka majani kituoni, lori likachelewa kama kawaida yake. Niliporudi nilimkuta Kemunto ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, kichwa kitupu kinang'aa. Bosibori alikuwa amepiga magoti, anafunga zile nywele ndani ya kitambaa cheupe.

Wewe usiye wa huku, sikia. Kwetu anayenyolewa ni aliyefiwa. Mkizika, ndipo wembe unatoka. Na nywele za mtu haziachwi ovyo. Mama mkwe wangu alikuwa anatoa hata zile zilizonasa kwenye kitana na kuzitupa chooni, maana mwenye nywele zako anakushika wewe. Kila Mgusii anajua hilo kabla hajajua kusoma. Bosibori analijua. Na bado alimnyoa mtu aliye hai kama vile matanga yameisha, akazifunga zile nywele ampe mgeni.

"Bosibori, nani amekufa hapa?"

"Hakuna anayekufa tena, Mama Kemunto. Hayo ni mambo ya ujinga."

"Nipe hizo nywele."

"Si zako. Mwenyewe amezitoa."

Nikamrukia. Kemunto akanishika mkono. "Baba, wacha. Nimezitoa mimi." Akajipapasa kichwa, akatabasamu kama mtu aliyeitwa chuo kikuu. Zakaria alikuwa anangoja barabarani juu ya pikipiki. Akapewa kitambaa, akaondoka.

Kemunto hakumaliza msimu wa mahindi. Watu wa Zakaria walikuja mazishini na nguo nyeupe, wakatuambia tusilie. Nililia hadi sauti ikakauka. Tulipotoka kaburini nikainua godoro lake nilianike, nikakuta dawa. Vidonge vyote. Alikuwa anavitia mdomoni nikimwangalia, nikigeuka anavitema. Nilimuuliza Bosibori kupitia ua, akajibu, "Mwalimu alisema dawa zinachafua mbegu." Aliyasema hayo kama anayeniambia chumvi imeisha.

Sasa turudi kwenye ukungu.

Baada ya shikamoo yake alinyoosha mkono akachuma. Jani moja. Jani kuukuu, gumu, la chini. Akaliangalia, akalitia kwenye kikapu changu kwa adabu. Akachuma lingine, kuukuu vilevile. Vidole vyake vilikuwa laini, safi, kama vya mtoto aliyezaliwa jana. Nikatafuta begani kovu la chanjo. Halikuwepo. Nikatafuta pale sufuria ya ugali ilipomchoma akiwa mdogo. Ngozi ilikuwa laini tu. Nywele ndizo zilikuwa zake, hata ule mstari niliomsuka mwenyewe ukapinda nyuma ya sikio, na yeye akanitania wiki nzima.

Nikamwita kwa Ekegusii. Akanitazama vile unavyomtazama ng'ombe anayelia. Basi nikamuuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Kemunto."

"Kemunto alikuwa ananichekesha kwa maneno gani?"

Niamini, nimeona watu wakitafuta kitu gizani kwa mikono. Uso wake ulikuwa hivyo. "Sijui," akasema. "Huko wananiuliza na mimi sijui. Walipewa nywele tu. Siwezi kukaa kule, na hapa siwezi kulala. Mama, niambie nilikuwa nani."

Nilifungua mdomo nimwambie habari ya glavu. Maneno yakatoka kwa Ekegusii, naye haisikii. Ukungu ukaanza kuinuka, ukainuka naye, miguu kwanza, mwisho nywele. Majani yake makuukuu yalibaki kikapuni mwangu.

Mzimu wa kwetu hujua watu wake. Unakuja ukiwa na hasira na unajua jina la kila mtu aliyeukosea. Huyu hakujua kitu. Ilikuwa kazi ya hao watu wa juu? Ya mchawi aliyeshika zile nywele? Mchungaji anasema ni shetani. Mimi sijui, na sitajifanya najua.

Nilishuka Keumbu siku hiyohiyo. Nilimkuta Zakaria na watu wake wameketi. Nikamwambia nimemwona mtoto wangu kwenye chai, na nimekuja kuchukua nywele zake.

Unafikiri alishtuka? Aliruka kwa furaha! "Umemwona! Alikuwa anakohoa?"

"Hakukohoa. Lakini nywele..."

"Hakukohoa!" Akawageukia watu wake. "Mmesikia? Mama mzazi anashuhudia, hakukohoa!" Wakaanza kupiga makofi. Kuhusu vidole hakuna aliyeniuliza. Nilipiga kelele, nikasukumwa mlangoni kwa heshima, "Pole mama, ni furaha imekuzidi." Nyumba nzima ilikuwa inaimba na mimi niko nje kwenye matope.

Ushuhuda wenyewe ndio huo. Siku hizi wanautangaza hadi Nyaramba: mama mmoja wa Ekerenyo, bintiye amerudi bila kikohozi. Nimesikia huko kuna kijana wa kisukari ameshanyolewa.

Mimi sichumi tena kwa amani. Nachuma safi, majani mawili na chipukizi, na bado nikifika kituoni karani anachambua chini ya kikapu anatoa majani makuukuu. "Mama Kemunto, hii ni chai ama chakula cha ng'ombe?" Watu wanacheka, narudishiwa mzigo. Asubuhi za ukungu nasikia nyuma yangu, tap, kisha kimya kirefu, kisha tap. Mtu anayejifunza kuchuma. Sigeuki. Ningegeuka ningemwambia nini, na lugha ya nyumbani haisikii?

Wewe unayesoma, ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimpe tu dawa. Mwambie afungue mdomo uone ameimeza. Na akija mtu mwenye shati safi kukueleza binadamu alitoka wapi, angalia kama ameshika wembe.

Chifu aliniambia hakuna sheria ya nywele. Mchungaji akaniambia nisamehe. Sisamehe. Bosibori, ulinisaidia kumzaa yule mtoto, wewe ndiwe uliyekata kitovu chake. Toka nje useme ulichofanya. Na wewe Zakaria, sitaki Waumbaji wako, sitaki pole yako. Leta zile nywele nizifukie pale alipo mwenyewe, alale. Ukishindwa kuzileta, njoo wewe asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa, usimame kwenye chai yangu. Akikuuliza yeye alikuwa nani, umjibu.