Udhu wa Stesheni ya Mlimani

Wallahi aibu hii ningekufa nayo, ila mwanangu Salma ameshaimwaga Houston nzima, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kabla haijatiwa pilipili.

Mnajua Salma, yule nesi wa Dallas, alipata mchumba Mjapani, Kenji (kijana ameshasilimu, msianze). Baba yake Kenji akasema haleti posa mpaka anione mimi kwa macho yake, basi tukapanda ndege mpaka Japani, tukapanda treni, tukapanda na kitreni cha behewa moja kinachokwea milima kwa kuguna, na njia nzima mtoto ananiambia, "Baba, please, usinitie aibu."

Tukashuka kwenye kistesheni kidogo, baridi kali, mwenyeji wetu hajafika. Salma akaenda kutafuta chai. Mimi nikasema ngoja niwahi Adhuhuri, nikageuka, nikaona nini? Birika refu la mawe, maji yanafuka mvuke, viti vya mbao pembeni (kama msikitini kabisa!) na kibao cha Kijapani ambacho sikukijali. Nikasema, jamani watu hawa wastaarabu, mpaka maji ya udhu wameyapasha moto!

Nikanawa mikono, nikasukutua, mara ya tatu ndo nimejaza mashavu, akaja mzee mmoja na suti yake, akavua soksi, akakunja suruali, akatumbukiza miguu yote miwili mbele yangu. Nikasema moyoni, masikini, huyu anaanzia mwisho.

Mara Salma huyo, chai mkononi. "Baba, no! Hapo wapanda milima wanaloweka miguu!" Kisha akamwona mzee, akanywea. "Na huyo ndo baba yake Kenji."

Mzee akasimama mumo humo majini, akainama kunisalimu. Sasa mimi nifanyeje? Nikitema, namtemea mkwe miguuni. Nisipojibu salamu, mtoto kakosa mume. Salma ananitazama, machozi yanamlenga.

Nikameza. Nikainama, nikajibu sijui hata lugha gani.

Mzee akauliza kitu. Salma akanigeukia: "Anauliza, umeyanywa?"

"Mwambie yana chumvi kidogo."

Alipotafsiriwa, mzee alicheka mpaka akakaa kitako ndani ya maji na suti yake, na posa tukaipata palepale, hajavaa hata soksi.

Ndoa imepita, alhamdulillahi, ingawa tumbo lilinisokota mpaka Texas. Ila maji ya ugenini siyatii tena mdomoni mpaka nimwone mwenyeji akiyatumia, na nimtazame vizuri anaanzia wapi.