Taka Tu

Hospitali nzima inamwita baba yangu Mzee Moshi, maana kazi yake ni tanuri la kuchomea taka. Mama humtania kwamba hata akijificha chini ya kitanda, moshi utamsema.

Ukoo wetu una damu isiyoganda vizuri. Bibi alipokuwa hai, wageni walimjia na sindano na maneno matamu, wakamtoa damu, wakaenda zao. Dawa ikapatikana hukohuko kwao. Kwetu haikufika, na kaka yangu akafa kwa kung'olewa jino. Ndiyo maana sheria mpya ilipotangazwa redioni, baba aliongeza sauti. Damu, mate, nywele, nyama ya mwili: hakuna kitakachotoka nchini bila kibali na ridhaa ya mwenyewe. Mwishoni mtangazaji akasema taka za hospitali hazihusiki.

"Mmesikia? Hata mimi wamenikumbuka!" Baba alicheka mpaka akakohoa. Na sisi tukacheka, wajinga wakubwa.

Haikupita muda, tanuri likaanza kupoa. Ndoo za makondo ya nyuma kutoka wodi ya wazazi hazikuletwa tena. Gari jeupe lenye masanduku ya barafu lilizipokea mlango wa nyuma. Baba akamuuliza dereva anazipeleka wapi.

"Uwanja wa ndege, mzee. Taka tu hizi. Kwani sheria hukuisikia?"

Siku hiyo baba hakugusa chakula. Mimi nilikuwa na mimba pevu, na alinitazama tumbo kama mtu anayetazama mlango usio na komeo. Nikaingiwa na hofu.

Uchungu uliponishika, alimsihi mkunga: "Mwanangu, kondo la binti yangu niletee mimi. Nitalichoma mwenyewe." Mkunga akaitikia vile watu wanavyomwitikia mzee ili aondoke. Baba akaenda kuwasha moto.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Kitovu chake kilivuja damu, wakahangaika kukibana, mpaka ikakoma. Kisha mkunga akamfuata baba tanurini kumpa hongera.

"Na kondo?" baba akauliza.

"Aa, babu, limeshaondoka na gari. Leo walikuwa wanalisubiri hilo tu."

Dirishani namwona bado anatia kuni kwenye tanuri lisilo na kitu. Mwanangu hata jina hajapewa, na ameshavuka mpaka.