Mshika Mwisho wa Ubao

Ubao mrefu haupasuliwi na mtu mmoja. Mmoja anausukuma kwenye mashine, na mwingine anasimama upande wa pili kuupokea unapotoka. Wageni wa kazi hudhani huyu wa pili amewekwa pale avute. Akivuta, msumeno unaacha mstari na ubao unaharibika. Kazi yake ni kubeba uzito tu na kwenda mwendo ule ule wa anayesukuma. Mtu mwenye haraka haiwezi kazi hii, hata awe na misuli kiasi gani.

Katika karakana yetu aliyeiweza kuliko sote ni Mama Msasa.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake ya kupiga msasa na vanishi. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vikavu vilivyokwaruza hata kwa kusalimiana, na kutwa nzima alijifunga kitambaa puani kuzuia vumbi la mbao. Alipotaka kusema neno alikishusha kitambaa hadi kidevuni. Sisi tukikiona kimeshuka tulijua kuna mtu ataambiwa. Bosi mwenyewe, ambaye karakana ni yake, alikuwa akikiona kimeshuka anajifanya anatafuta misumari.

Siku Futi alipoletwa, kitambaa kilishuka mapema.

Wakati huo hatukuwa tumempa jina la Futi. Alikuwa binti mwembamba aliyesimama nyuma ya mama yake, akiangalia mashine kwa hamu kama mtoto anayeangalia wenzake wakicheza.

"Unaweza kubeba mbao?" Bosi alimuuliza.

"Anaweza," mama akajibu.

"Umewahi kushika randa?"

"Amewahi, ya babu yake. Tangu mdogo anapenda vitu hivi."

Mama Msasa akashusha kitambaa. "Samahani, dada. Huyu binti hana ulimi?"

"Anao, lakini ana kigugumizi. Mkimngoja amalize neno, mtalala hapa hapa."

"Tutalala. Maranda ni laini."

Tulivunjika mbavu. Yule binti naye akatabasamu, kisha akatusimulia juu ya randa ya babu yake, kwa taabu, lakini kwa mdomo wake mwenyewe. Akaanza kazi siku hiyo hiyo. Kwa vile alipenda kupima kila kitu, mpaka benchi tulilokalia, tukamwita Futi.

Mikono yake haikuwa na kasoro. Alijifunza patasi, akajifunza kuunga pembe, na randa ilimtii. Shida ilikuwa ni sisi. Mtambo, jamaa anayeendesha mashine, ni mtu wa mzaha, na kila Futi alipokwama neno yeye alimjazia.

"Naomba gu... gu..."

"Gunia? Gurudumu? Gubu la mke wangu?"

Tulicheka, na mwanzoni Futi alicheka nasi. Bosi hakuwa na mzaha, alikuwa na huruma, lakini naye alimmalizia vile vile. Binti akifungua mdomo, Bosi anaingiza neno lake haraka, kama mtu anayemwokoa mtoto asianguke. Baada ya muda Futi akaacha kuomba gundi. Akawa anaionyesha kwa kidole. Kisha nyundo kwa kidole, na msumeno kwa kidole. Ikafika siku akaingia asubuhi na kutoka jioni bila kutoa sauti.

Mimi si mtu wa maneno. Dukani huwa nanunua kilicho karibu na kidole changu ili nisiulizwe maswali. Kwa hiyo nilikiona kidole cha Futi kabla ya wenzangu, na nilikielewa, lakini sikusema kitu.

Ndipo Bosi akatoa uamuzi wake. Katika karakana yetu kuna desturi: mwanafunzi haandiki alama kwenye mbao. Anayeweka alama ni fundi, na fundi unamjua kwa penseli iliyo sikioni. Ili upewe penseli ni lazima umpokee mteja peke yako, kuanzia salamu hadi vipimo, bila mtu kukuingilia.

"Mwisho wa mwezi atampokea mteja," Bosi alisema. "Akishindwa, nitamwambia mama yake amtafutie kazi isiyohitaji mdomo. Simchukii binti wa watu. Lakini fundi asiyeweza kuongea na mteja nitamfanyia nini?"

Mchana ule nilikaa na Mama Msasa juu ya rundo la mbao. Nikapiga moyo konde nikamwambia, "Tukamwombe Bosi amsamehe huo mtihani."

"Umemuuliza?"

"Bosi?"

"Mwenye mdomo wake."

Sikuwa nimemuuliza. Mama Msasa akatazama vumbi lililotulia magotini mwake. "Mimi waliponitoa shule walifanya kikao," alisema. "Wajomba, shangazi, mpaka jirani alikuja. Walinizungumzia kama kabati linalohamishwa, liwekwe hapa au pale. Wengine walinitetea, tena sana. Lakini hata hao walionitetea hakuna aliyenigeukia akaniuliza, 'Mwanangu, wewe unataka nini?'" Akamwita Futi kwa mkono.

"Keti, mwanangu. Sisi watu wazima tunataka kukusaidia, ila hatujui tushike wapi. Tuambie."

Futi akakaa. Akafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Mimi nikaangalia chini, kwenye msumari mmoja uliopinda, nikaukazia macho kama niliupoteza mimi.

"Msi... msinimalizie," alisema hatimaye. "Na msiniambie nivute pumzi. Ninapumua. Na mtu asiangalie chini kama tu... tu... tunazika."

Niliinua uso haraka mpaka shingo ikalia.

"Na mtihani?" Mama Msasa akauliza. "Huyu mjomba wako anataka tukuombee usamehewe."

"Na... nautaka, Mjomba. Niachieni."

"Basi twende kwa Bosi ukamwambie haya yote. Wewe utasukuma, mimi nitakuwa upande wa pili."

Nilifikiri Mama Msasa akifika kule atamwaga maneno yote yeye mwenyewe, kwa sababu anayo. Hakusema hata moja. Alisimama pembeni ya Futi, kitambaa puani, akimwangalia Bosi kila Bosi alipotaka kudakia. Futi alichukua muda mrefu, na alipomaliza ikatoka amri mpya ya karakana, ambayo aliipendekeza yeye: atakayemmalizia mwenzake neno, awe nani, atakwangua sufuria ya gundi.

Asiyejua gundi yetu hawezi kujua ukubwa wa adhabu hiyo. Ikikauka inakuwa jiwe, na inanuka kama kwato zilizochemshwa.

Mtambo alikuwa wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wa nne alikuwa Bosi. Alipita karibu na mzigo wa mbao zilizoletwa asubuhi, na Futi akamwita.

"Bosi, hi... hizi mbao..."

"Ni chache, najua, nimeshaagiza nyingine."

Mashine ilikuwa imezimwa, na sote tulisikia. Mama Msasa akaitazama sufuria, kisha akamtazama Bosi.

"Mimi?" Bosi akauliza.

"Sufuria haijui cheo, baba."

Alikwangua huku akinung'unika kwamba karakana ni yake na sufuria aliinunua yeye. Katikati ya kunung'unika akakumbuka. "Haya, Futi, ulitaka kusema hizi mbao zina nini?"

"Ni mbichi."

Bosi akaacha patasi ndani ya sufuria, akaenda kuzigusa. Zilikuwa mbichi kweli. Tukazirudisha zilikotoka, na tangu siku hiyo Bosi akawa mtu wa kungoja, ingawa ilimtesa. Alikuwa anangoja huku amekunja mikono kwapani kama mtu mwenye baridi.

Hata Mama Msasa aliteleza. Mteja mmoja wa zamani alimsalimia Futi, Futi akakwama kwenye salamu yenyewe, na Mama Msasa akaitikia badala yake kabla hajajijua. Hakungoja kuambiwa. Alijifunga kitambaa vizuri, akaichukua sufuria, akaketi nayo. "Nilimwonea huruma," aliniambia, akikwangua kwa hasira. "Huruma ina mikono mirefu, kaka. Lazima uishike."

Mwisho wa mwezi ukafika. Mteja wa kwanza kuingia asubuhi ile alikuwa mwanamume mnene, kofia ya pikipiki kwapani, anataka mlango. Bosi akabaki kwenye kizingiti cha ofisi. Futi akaenda mbele na tepu yake ya kupimia.

"Ka... karibu, mzee."

"Nataka mlango wa jikoni, wa mbao ngumu. Vipimo hivi hapa." Akavitaja haraka haraka.

Futi alitaka kuuliza kitu. Neno likaganda. Mtambo, aliyekuwa anapasua, akazima mashine ili binti asilazimike kushindana na kelele. Tulisikia unga wa mbao ukidondoka.

Yule mteja akanigeukia mimi. "Mzee, huyu amekuwaje?"

Wenzangu wote walikuwa wananiangalia. Nikameza mate, nikasema, "Anakuhudumia."

Lilikuwa neno moja.

"Jamani, nina haraka mimi," mteja akasema. "Mafundi ni wengi." Akavaa kofia yake, akaelekea getini, hatua chache tu kutoka tulipokuwa.

Uso wa Futi ukashuka. Bosi akapiga hatua, mdomo wazi tayari, na mimi nilijua akishafika kwa yule mtu habari ya penseli imekwisha. Hapo kitambaa cha Mama Msasa kikateremka hadi kidevuni. Nikajua sasa litatoka gharika: mteja ataambiwa, Bosi ataambiwa, na sisi sote tutaambiwa.

"Futi," Mama Msasa alisema taratibu, "hujamaliza swali lako."

Basi. Akapandisha kitambaa.

Futi akaondoka mbio. Alimkuta mteja anapanda pikipiki, akasimama mbele ya taa yake.

"Mlango wako u... u... unafungukia wapi?"

"Unafungukia wapi? Unafunguka kama milango."

"Ndani au nje? Ba... bawaba upande gani? Ukifunguka ha... haugongi jiko?"

Yule bwana akavua kofia. Akanyoosha mkono hewani, akausukuma kama anafungua mlango usioonekana, kisha akauvuta, kisha akabadilisha mkono. Mtambo alilazimika kujiziba mdomo.

"Kumbe sijui," mteja akasema. "Naingia pale kila siku na sijui. Ngoja nimpigie mama watoto." Akatoa simu. "Hebu simama mlangoni jikoni. Sasa sikiliza, unaulizwa kitu." Na kabla hatujajua anafanya nini, akampa Futi simu.

Roho zetu zilikuwa mikononi. Ana kwa ana, mtu anakuona unahangaika na neno, anajua upo. Kwenye simu hakionekani kitu. Futi hakuwahi kupokea simu ya karakana hata mara moja, ilikuwa ikilia anatoka nje. Sasa aliishika sikioni, shingo imekaza, na neno halikutoka.

"Haloo?" sauti ya mwanamke ilisikika mpaka kwetu. "Haloo? Imekatika?"

Mama Msasa alishika ukingo wa meza mpaka viganja vikakwaruza mbao. Hakusogea. Bosi alikuwa amekunja mikono kwapani. Yule mteja alimwangalia Futi, akatuangalia sisi tuliosimama pale bila kutikisika, akarudi kumwangalia Futi. Kisha akainamia simu.

"Haijakatika, mke wangu," alisema. "Subiri. Fundi anazungumza."

Alisema fundi. Futi akafumba macho, akafumbua.

"Ma... mama, shikamoo. Ukisimama jikoni, ji... jiko liko mkono gani?"

Maongezi yalikuwa marefu. Mama yule aliulizwa juu ya bawaba, kizingiti, na maji ya mvua yanayoingia kwa chini, ambayo mumewe hakuwa amewahi kuyasikia. Futi alikwama mara nyingi, na kila alipokwama mteja alikuwa anatingisha kichwa taratibu, akingoja naye. Walipomaliza tulijua mlango utafungukia nje, bawaba kushoto.

Mteja alipoondoka, Bosi alikuja mpaka alipo Futi. Akachomoa penseli yake mwenyewe sikioni.

"Futi, hii..." alisema. "Hii ni..."

Hakuna aliyemsaidia. Mtambo aliuma mdomo, macho kwenye sufuria ya gundi. Bosi akageuka pembeni, akapangusa uso, akasema ni vumbi, akarudi.

"Hii ni ya kwako."

Kesho yake tuliupasua ubao wa mlango ule. Alama aliziweka Futi, mstari mwembamba, umenyooka. Yeye akasimama mbele ya mashine na kuanza kusukuma, penseli sikioni. Mama Msasa akazunguka upande wa pili, akavuta kitambaa juu ya pua, akafungua viganja vyake, akaupokea ubao.