Kifua cha Paskalina

Enzi zetu kule Mbulumbulu mtoto haulizwi kama anaumwa, anaulizwa kwa nini amechelewa mchakamchaka. Jua halijatoka, tuko peku, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na tunaimba. Leo wajukuu zangu wakitumwa dukani tu wanarudi wanadai soda. Haya, tuyaache.

Nataka kumzungumzia mdogo wangu Paskalina, na nikimtaja hasira inanipanda mpaka leo. Alikuwa na pumu. Akikimbia kidogo kifua kinalia, wenzake wanamzunguka: "Paskalina, mfungulie paka wako atoke!" Tunacheka. Na mimi kaka yake nilicheka, nisiwadanganye.

Mama alitukataza kusema. "Mkitamka nje watasema ni kifua kikuu. Nani atamposa?" Binti wa miaka kumi! Na humo ndani bibi keshamtengea kibuyu chake cha maji, eti asituambukize. Tukaficha.

Basi mwalimu akamwona mtegaji. Tulipokuwa tunapura ngano ya shamba la shule (ngano ile, jamani, ukiichemsha na maharage unalala umeshiba), makapi yanaruka kila upande, Paskalina akaomba akae pembeni. "Mvivu mkubwa wewe!" Akala viboko vinne, akarudishwa kwenye makapi. Mimi nimesimama hatua tatu tu, najua kila kitu, nimefunga mdomo. Akaanguka, midomo imekuwa kama majivu.

Kule zahanati, muuguzi alimkalisha wima, akamlegezea kola, akampa vidonge. Pumzi iliporudi akamgeukia mama. "Mama Paskalina, pumu haiambukizi. Mwambieni mwalimu, mtoto akae mbali na vumbi, atasoma kama wenzake. Mnaficha nini?"

Mama akaitikia, "Ndiyo, dada." Kesho yake hakwenda kwa mwalimu. Alimtoa Paskalina shule. Yule aliyesoma vizuri kuliko mimi! Darasa la tatu, basi. Mimi mwenyewe la nne lilinishinda kwa uvivu wangu, hakuna aliyenichapa.

Siku hizi dawa ya kuvuta inaingia mfukoni, na nasikia hapa Karatu kuna watoto wanajifungia chooni ndipo wavute, wanaogopa kuchekwa. Na wazazi wao wanajua! Enzi zetu tulikuwa wajinga. Ninyi mnajua na bado mnaficha. Paskalina angeipata enzi zile, angeivuta mstarini, mbele ya shule nzima, kisha angeingia darasani.