Kifundo Katika Kichwa cha Muasya

Kaloleni, mtaa wa Nairobi, haina kimya. Kuna mabehewa yanayogongana upande wa reli, kwaya inayofanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa, redio tatu zinazobishana kutoka madirisha matatu. Lakini nyuma ya nyumba ya Muasya kuna sauti moja iliyotoweka, na waliowahi kuizoea bado husikia pengo lake. Ni sauti ya tezo, kishoka cha mchongaji, ikichonga gogo la mti wa muhugu: ko, ko, ko, kituo kidogo, ko.

Kasiva, mkewe, aliishi kwa sauti hiyo. Muasya alikuwa na kifafa tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuchonga twiga. Mchongaji wa Kikamba huketi chini, akalishika gogo kwa nyayo zake mbili, kisha akaishusha tezo kuelekea miguu yake mwenyewe. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na hakujua namna nyingine. Kasiva alipika, akafua, akawapiga msasa twiga waliokwisha kuchongwa, na wakati wote sikio lake moja lilikuwa nyuma ya nyumba. Sauti ikiendelea, mume yu mzima. Ikikatika, alihesabu hadi ishirini, kisha akatupa chochote alichoshika na kukimbia.

Mara nyingi alimkuta akigeuzageuza gogo tu, akitafuta kifundo cha mti kabla tezo haijakikuta.

"Sijafa, Mama Mumo. Nafikiri. Siku hizi hata kufikiri kumekatazwa?"

"Fikiri kwa sauti, Baba Mumo."

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1995, sauti haikukatika. Kasiva alikuwa amekaa mlangoni akikata sukumawiki. Ko, ko, ko, alisikia, moyo ukatulia, hata akaanza kuimba chini kwa chini. Ndipo Mideva, jirani wa ukuta mmoja, alipopiga yowe nyuma ya nyumba.

Sauti ile ilikuwa ya Bwire, jirani seremala. Aliletewa benchi la kanisa lililolegea miguu, na alikuwa uani kwake akiligonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, kwa mwendo uleule. Muasya alikuwa amelala ubavu juu ya vibanzi vya mti, mwili ukitikisika, tezo imezama juu ya unyayo wa kushoto. Vibanzi vilikuwa vinanywa damu.

Watu walifika upesi, wakasimama duara pana. Mtaani iliaminika kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, ugonjwa umekuhamia.

"Msimguse mpaka azinduke!" mwanamume mmoja alisema.

"Azinduke na damu ipi?" Mideva alimjibu. "Povu ni mate. Kwani wewe huna mate? Na yako yanaruka hata ukisalimia watu."

Alivua leso yake, akapiga magoti, akafunga mguu ule kwa nguvu zake zote.

Kasiva alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Hizo hatua mbili zilikuwa siri yake. Kwa miaka tisa ya ndoa alikuwa amekimbia kila mara, na kila mara alisimama hapohapo, akangoja povu likauke ndipo amshike mumewe. Alimpenda. Alimwogopa pia, na hakujua kipi kilianza.

Jioni ile Bwire alikuja na kofia mkononi. "Mama Mumo, ningejua ungenichanganya naye, ningegonga vibaya."

Daktari aliyeshona mguu aliuliza kuhusu kuanguka, akawaelekeza kwa mwenzake, Daktari Waringa, aliyeshughulikia maradhi ya ubongo. Walisubiri wiki sita ili Muasya apigwe picha ya kichwa. Usiku na mchana wa wiki hizo sita Kasiva aliwaza kitu kitakachoonekana humo: mdudu, au jambo lenye mkono wa mtu.

Daktari Waringa aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. Akaweka ncha ya kalamu kwenye doa dogo la kijivu upande wa kulia, mahali palipopaswa kuwa peupe.

"Mtoto akiwa tumboni, chembe za ubongo huzaliwa ndani kabisa, halafu husafiri kwenda nje, kwenye ganda. Zako hizi zilisimama njiani. Zikajenga hapohapo."

"Ndizo zinazoniangusha?" Muasya aliuliza.

"Huenda. Kuna watu wana doa kama hili na hawajawahi kuanguka. Lakini wewe vidole vya kushoto hutangulia kucheza, na doa liko kulia, upande wa ubongo unaoongoza mkono wa kushoto. Vinaelekea kupatana. Siwezi kukuapia."

"Mama yake aliteleza mtoni akiwa na mimba," Kasiva alisema haraka. "Ni hilo?"

"Sijui, mama. Mara nyingi hatujui. Ila hakuna aliyemroga."

"Na... linaambukiza?"

Daktari alimtazama. "Mtu amezaliwa nalo. Litaruka vipi likuingie wewe?"

Kasiva aliinamisha macho, akaitazama mikono yake. Muasya alikuwa bado anaikodolea macho picha.

"Ni kifundo," alisema polepole. "Mti ulianza kutoa tawi ndani, ukaghairi. Ukijaribu kukitoa, unavunja shingo ya twiga."

Walirudi na vidonge vipya na onyo moja: asishike tezo akiwa peke yake. Basi Kasiva akaacha kuamini masikio. Mguu ulipopona, alihamia nyuma ya nyumba na msasa wake, akaketi uso kwa uso na mumewe. Hakupepesa macho.

"Unanitazama kama maziwa jikoni," Muasya alilalamika.

"Maziwa hungoja ugeuke ndipo yafurike."

Siku ya nne, kabla ya saa sita mchana, vidole vya kushoto vilianza kucheza juu ya gogo. Muasya hakuviona, kwa maana mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kuinua tezo. Kasiva aliviona. Hakuhesabu, wala hakusimama hatua mbili. Alijirusha, akaufunika unyayo wenye kovu kwa kiganja chake.

Tezo ilishuka. Ikakita kwenye gogo, upana wa kidole kutoka kifundo cha mkono wake, ikabaki imesimama humo. Muasya akaanguka, na safari hii Kasiva alimshika kabla kichwa hakijagusa chini. Povu lilimlowesha begani, naye akamkumbatia hadi likapita.

Alipozinduka, Muasya aliiona tezo, kisha mkono wa mkewe. Alitazama kutoka kimoja hadi kingine, mara mbili.

"Uliuweka mkono hapo?"

"Niliuweka."

"Kesho utauweka tena."

Kasiva alijua kwamba angeuweka.

Muasya aliing'oa tezo, akaipangusa, akaizungushia ile leso ya Mideva ambayo doa lake lilikataa kutoka, akaituma kijijini Wamunyu kwa ndugu yake.

Sasa Muasya hachongi tena; yuko mtaa wa Pumwani, katika karakana ya wachongaji. Anapiga msasa twiga waliochongwa na wengine, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi, na vidonge vyake viko katika mfuko wa shati.