Mama na Shimo la Treni

Mama yangu aliugua saratani ya titi. Walimfanyia upasuaji, kidonda kikapona vizuri, kisha daktari akamwambia bado kuna mionzi, wiki kadhaa, Dar es Salaam. Mama akarudi kwake Mabwerebwere, Kilosa, akasema haendi. Mionzi ndiyo inayoleta saratani, hata redioni wamesema. Sasa aende kuongezewa?

Mimi nafundisha fizikia Mikumi, na ugonjwa wa sisi walimu wa fizikia ni kudhani kila hofu ina dawa ya ubao na chaki. Jumamosi nikapanda basi hadi Kilosa. Shikamoo, marahaba, chai, na kabla kikombe hakijapoa nikaanza somo. Nikamwambia mionzi iko kila mahali: kwenye mawe, kwenye matofali ya nyumba yake, hata kwenye ndizi anazokula, na mingine inashuka kutoka angani. Nikamweleza kwamba wapo wanasayansi waliopeleka seli hai kwenye maabara chini kabisa ya milima, mahali ambapo ile ya angani karibu haifiki, waone zitaishije.

Mama akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo chini ya mlima mionzi haipo?"

"Ni kidogo sana, mama. Lakini sikiliza..."

Hakusikiliza. Na nusu ya pili ndiyo ilikuwa somo lenyewe: baadhi ya seli zile hazikunawiri. Nyingine zilikua polepole, nyingine zikawa goigoi katika kujitengeneza zilipodhurika, na wataalamu mpaka leo wanabishana maana yake, hasa kwa habari ya saratani. Hakuna aliyesema shimo ni tiba. Lakini mama alikuwa ameshapata alichokitaka, kwa sababu milima yetu imetobolewa ili treni ya umeme ipite.

"Niombee ruhusa nikakae mle," akasema. "Nimechimbiwa hospitali mlangoni, wewe unanipeleka Dar!"

Nikamwambia mawe ya mle nayo yanatoa mionzi. Akaniuliza kama nimewahi kuyapima. Sikuwahi. Nilikasirika, halafu nikaogopa kwelikweli, maana tarehe ya daktari ilikuwa Jumatano ile.

Nikaenda kwa jirani yake, mwanamke anayeuza vitumbua. Ukoo wake na wetu ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo mtoto hana. Msibani watani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, huchukua wanachotaka, na hakuna wa kuwakemea. Nilimwomba aongee na mama tu.

"Kuongea ni kazi yenu walimu," akanijibu.

Kesho yake asubuhi aliingia uani bila hodi, akaanua kitenge kizuri kuliko vyote vya mama, akajifunga. Akaanza kutembea ameshika kiuno, huku anafokea kuku, utadhani mama mwenyewe. "Mimi marehemu," akasema, "nilikuwa mbishi kuliko punda. Mwanangu alisomea fizikia, lakini mimi niliijua zaidi."

"Mtani, sijafa!"

"Najua. Nimewahi ili nisigombanie masufuria na wenzangu. Sasa, shimo liko upande wa Dodoma, hospitali iko upande wa Dar. Niambie unaelekea wapi, nijue kama nibebe na kinu."

Mama alicheka mpaka akajishika kovu. Kisha akasema neno ambalo mimi hakuwahi kuniambia. "Naogopa kuungua, mtani."

"Ogopa. Lakini uogopee njiani."

Jumatano tulimsindikiza stesheni. Mtani alikuja amevaa kile kitenge, bila haya.

"Nikirudi, utavua hicho," mama akamwambia.

"Rudi uje unifungue mwenyewe."

Wiki zile zilikuwa ndefu kwangu. Darasani nilifika kwenye mada ya mionzi nikairuka, nikawaambia wanafunzi tutairudia.

Mama alirudi amekonda, ngozi ya kifuani imekuwa nyeusi, anatembea taratibu. Daktari alisema tutaendelea kuangalia, basi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpokea. Akanipita, akamnyooshea mtani mkono. "Kitenge changu."

Nimemwona mtani yule akicheka kwenye makaburi mengi. Siku hiyo machozi yalimtoka, fundo la kitenge likamshinda. Ikabidi mama amfungulie.